Viatu vya Watu wa Hietakoski

Saa ya kahawa ilipofika, marehemu wa Hietakoski waliingia ofisini kwa mtafiti Tuulikki, wakavua viatu mlangoni kama watu waliolelewa vizuri, wakaketi. Kahawa yao haikupungua vikombeni, ila ilipoa upesi.

Tuulikki alikuwa akilinganisha miji miwili ya Ufini, Hietakoski na Lumijärvi. Baridi ni ileile, giza ni lilelile, hata mkate mweusi unatoka tanuri moja. Lakini kila theluji ilipoyeyuka, waliojiua Hietakoski walikuwa wengi kuliko wa Lumijärvi, naye alitakiwa kusema kwa nini, ili wa mwaka huu wasifuate. Kaka yake Veikko aliishi Hietakoski, peke yake, na siku hizi maongezi yake kwenye simu yalikuwa yakizidi kuwa mafupi.

"Wenzenu wa Lumijärvi wana nini ambacho ninyi hamna?" aliuliza.

Marehemu wakatazama soksi zao. Hata kaburi halimfundishi Mfini kuropoka. Mwishowe bibi mmoja, Aune, akasema:

"Sauna ya chini ya jengo, mwanangu. Jumamosi tulikaa kwenye mvuke pamoja. Usipoonekana, mtu anakuja kugonga: 'We Aune, umeota mizizi humo?' Halafu kila mtu akajengewa kasauna kake ndani kwake, ile ya chini ikafungwa."

"Na majirani hawakugonga tena?"

"Kwa kisingizio gani?"

"Mimi nilimsikia Aune akilia ng'ambo ya ukuta," alisema mzee Eino. "Nikapunguza redio, nisimsumbue."

"Bora ungeiongeza, Eino," alisema Aune. "Ningekuja kukugombeza."

Tuulikki akapeleka pendekezo kwenye baraza la mkoa: sauna za chini zifunguliwe kabla theluji haijayeyuka. Marehemu walisimama nyuma, na soksi zao tu. Mwenyekiti akawashukuru kwa kufika, akasema jambo hilo litaangaliwa majani yakianza kupukutika, miezi mingi baada ya theluji. Kisha akaliona rundo la viatu mlangoni, akaagiza papo hapo kabati la viatu.

Kabati likaletwa kesho yake, refu hadi darini. Viatu vyote viliingia, na nafasi nyingi zikabaki zikingoja wengine. Tuulikki alizitazama zile nafasi, akachukua taulo, akapanda treni kwenda Hietakoski.

Veikko alifungua mlango kidogo tu. "Dada? Kulikoni, nani kafa?"

"Hakuna. Nimekuja kuoga mvuke. Mwite na jirani."

"Simjui."

"Miaka yote hii?"

"Ni mtu mzuri. Hana kelele."

Tuulikki akavua viatu. Ng'ambo ya ukuta, jirani aliposikia Veikko ana mgeni, akapunguza redio.

Tuulikki akatoka na soksi tu miguuni, akaenda kumgongea.