R ya Mama Bhoke

Usiku wa jana niliota niko ofisini, na meza yangu inanung'unika.

"Kila mwananchi anaambiwa suala lake liko mezani," ikasema. "Hakuna hata mmoja aliyeiuliza meza."

Nikaipa pole. Mimi ni katibu wa mbunge, kupokea malalamiko ndiyo kazi yangu, na Mheshimiwa mwenyewe alikuwa Dodoma bungeni. Jina langu ni Sara Komba. Nalitaja mapema kwa sababu baadaye litaniletea mambo.

Mama Bhoke akaingia bila kubisha. Huyu ni mtu wa kweli, yupo hata nikiwa macho. Anaitwa Robi Nyamhanga, na mwanawe Bhoke ana tundu kwenye moyo. Alhamisi watoto wenye shida kama yake wanapelekwa India kupasuliwa, kila mmoja na mama yake. Bhoke ana pasi ya kusafiria. Mama yake hana, kwa kuwa kitambulisho chake kinasema Robi na cheti chake cha kuzaliwa kinasema Lobi, na watu wa pasi wanasema hao ni wanawake wawili, waamue wenyewe nani anasafiri.

Hiyo L aliiweka karani mmoja zamani, mgeni huku Mara. Alikwisha kusikia kwamba Wakurya husema kura wakitaka kula, na kurara wakitaka kulala. Basi nyanya yake Bhoke alipokwenda kumwandikisha binti yake mchanga akasema "Robi," karani akatabasamu kwa huruma, akamsahihishia.

"Dada Sara," akasema Mama Bhoke, "mtoto harari. Akivuta pumzi, tundu rinapiga mruzi."

Nikatega sikio. Kweli, nje kwenye benchi Bhoke alikuwa akilia mluzi mwembamba, kama mlango usiofunga vizuri. Mluzi ule ulininyima raha ndoto nzima.

"Nitafuatilia," nikasema.

Ningejua, ningenyamaza. Neno halijanitoka vizuri, faili la Mama Bhoke linashuka kabatini, linavaa raba, linatoka nje. Nalifuata. Ndiyo sheria: ofisi ya mbunge haiamrishi idara ya serikali, haiisukumi, haiipiti. Inafuatilia. Faili linakwenda taratibu, mikono nyuma, kama mstaafu anayekagua mahindi ya jirani. Mimi nyuma yake, Mama Bhoke nyuma yangu, mluzi nyuma yetu sote.

"Tafadhali, kaza mwendo," nikaliambia.

"Unaniomba au unaniamuru?"

"Nakuomba."

"Ombi limepokelewa," likasema, likajinyoosha kando ya barabara, likalala.

Mara ngapi nimewaambia wananchi kwamba faili lao limelala! Sikujua kwamba hukoroma. Nilitaka kulipiga teke. Lakini mbunge wetu ana wapinzani wengi, na teke la katibu husikika mbali. Nikainama, nikaliulizia hali yake kwa heshima zote, nakala kwa mkuu wa wilaya. Likaamka pale pale.

Tukakata kona ya soko, na soko likawa ofisi ya vyeti. Haina mlango. Ina ngazi ya mbao, ndefu, imeegemea hewa.

"Samahani," nikasema. "Wewe ndiye ngazi husika?"

"Kwa suala gani?"

"Herufi moja."

"Sihusiki. Mimi ni ngazi ya wilaya. Husika yuko juu."

Nikatazama juu. Ngazi nyingine ilikuwa imesimama kichwani pa ile ya kwanza, nayo ikapaza sauti kwamba husika yuko chini, na isitoshe, tunaikanyagia muda.

"Angalieni basi kwenye mtandao," nikawasihi.

"Mtandao uko chini," zikasema zote mbili.

Tukashuka chini ya sakafu, na kweli mtandao uko huko, umelala chali, haumwi wala hauna haraka. "Papasa papo hapo," ukaniambia. "Unayemtafuta hayuko mbali."

Nikapapasa, nikagusa kona. Ilikuwa ni L. Imekaa mwanzoni mwa jina la Mama Bhoke, mgongo wima, miguu imeinyoosha mbele, kama mgeni aliyekwisha kuandaliwa chai.

"Shikamoo," nikasema, maana ilikuwa herufi kubwa.

"Marahaba, mwanangu."

"Naulizia tu kama mnaweza kuhama."

"Nihamie wapi?" Haikuwa na kiburi, na hilo liliniumiza zaidi. "Sikujileta hapa, niliandikwa. Sihamishwi bila makazi mbadala, hiyo ni sheria. Na nikiondoka, nani ataingia? R zimekwisha. Wakurya wamezitumia zote."

Mama Bhoke akainamisha uso. Sakafu inatanuka, inakuwa uwanja wa ndege, na watoto wanapanda ngazi ya ndege, kila mmoja ameshikwa mkono. Bhoke yuko mwisho wa mstari. Mkono wake ameunyoosha kando, wazi, anasubiri wa kuushika. Mluzi unazidi.

Nikampigia Mheshimiwa Dodoma, nikamwomba anikopeshe R moja.

"Katibu, ningekuwa nayo ningekupa," akajibu kwa sauti ya kuchangia hoja. "Nitafute mwenyewe. Mheshimiwa. Mbunge. Umeiona?"

Sikuiona. "Na serikali, Mheshimiwa?"

"Serikali inayo moja tu, na imeishikilia."

Nikakata simu. Watoto wanaisha kwenye ngazi. Najipapasa mifuko yote, kisha najipapasa jina, na pale katikati naikuta, ina joto kidogo. R hiyo nilipewa na bibi yangu kule Mbinga, pamoja na jina lake. Sikutaka kuitoa. Niliogopa. Mtu akikuondolea cha katikati, nani ajuaye utabaki nani?

Bhoke anafika ngazi ya kwanza, anageuka nyuma kutazama.

"Ninayo nafasi," nikaiambia L. "Ndogo, katikati ya A mbili."

"Majirani wakoje?"

"Watulivu. Hawajawahi kugombana."

Ikakunja miguu, ikasimama, ikajikung'uta vumbi la miaka. Nami nikaing'oa R yangu. Haikuuma, ila ulimi ulibaki ukilitafuta pengo.

"Chukua, Mama Bhoke. Iweke mwenyewe. Ofisi ya mbunge haimwandikii mtu jina."

Akaipokea kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka, akaitia kinywani, akasema:

"Robi."

R ile ikanguruma. Faili likavua raba. Ngazi zote zikaporomoka, zinazohusika na zisizohusika. Na mluzi ukanyamaza, ghafla, kabisa. Sikujua kama tundu limezibwa au pumzi imekatika. Ukimya ule ulinitisha kuliko mluzi, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Shuka liko sakafuni na simu inaita. Niliona jina la Mama Bhoke, mkono ukakataa kuipokea. Nikaulazimisha.

"Dada Sala," akasema, "niko kwenye foreni ya vyeti, dirisha harijafunguriwa. Mtoto amerara usiku wote, hata mruzi sijausikia. Sijui niogope ama nifurahi. Nimemtazama, anapumua vizuri tu."

Tangu tufahamiane, ulimi wa Mama Bhoke haujawahi kutoa L hata kwa bahati mbaya. Nikanyoosha mkono kwenye msumari ninapotundika kitambulisho changu cha kazi, nikakisogeza dirishani penye mwanga.

SALA KOMBA. Katibu wa Mbunge.

"Dada Sala? Upo?"

"Nipo," nikaitika. "Furahi, Mama Bhoke. Na dirisha likifunguliwa, taja jina lako kwa nguvu."