Dawa Iko Jikoni

Mahakama nzima iliangua kicheko, na mshtakiwa naye akacheka pamoja nao. Hapo ndipo alipojimaliza, walisema watu baadaye, ingawa watu husema mengi jambo likishapita. Aliyewachekesha alikuwa shahidi, wifi yake, mwanamke mpiga pasi kwa dobi, aliyesimama kizimbani huku ameshikanisha vidole vyenye makovu ya moto. Wakili wa serikali alikuwa amemuuliza swali ambalo hata mtoto angelijibu.

"Mtu akimwambia mwenzake, 'Dawa yako iko jikoni,' huwa anamaanisha nini?"

"Anamaanisha atamkomesha. Atamwonyesha cha mtema kuni."

Wakili aliwaacha wacheke mpaka wakachoka. Kisha akauliza, kwa upole, mshtakiwa alifanya nini alipoyasema maneno hayo kuhusu mumewe, siku moja kabla mume hajafa kwa sumu.

"Alicheka," mpiga pasi alijibu.

Ilikuwa kweli tupu. Kicheko, maana hilo ndilo jina alilopachikwa tangu utotoni, alicheka kila mahali. Msibani ilibidi ajifunike uso kwa nguo. Siku ile mpiga pasi alikwenda kumjulia hali kaka yake aliyekuwa anakohoa, akaishia mlangoni. "Kaka yuko wapi?" "Kalala, wifi. Dawa yake iko jikoni." Wakacheka wote wawili, kama mawifi wanavyotaniana. Kesho yake kaka akafa huku amelishika tumbo, na askari wakakuta kopo la dawa ya panya jikoni, nyuma ya unga. Kopo hilo marehemu ndiye aliyelileta kutoka ghala la nafaka alikofanya kazi, kwa kuwa nyumba yao ilikuwa na panya wa kila umri. Lakini maiti haitoi ushahidi.

Kicheko alijitetea kwamba dawa aliyoitaja ni sufuria ya tangawizi iliyokuwa motoni, ya kikohozi. Nani humwamini mshtakiwa? Wakili wake alijaribu kumtafutia wa kumuunga mkono.

"Uliona sufuria yoyote motoni?" alimuuliza mpiga pasi.

"Sikuona."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Kutoka mlangoni jiko halionekani. Ila harufu ya tangawizi aliisikia, kali, ikamwingia mpaka puani. Aliulizwa kuhusu kuona, akajibu kuhusu kuona. Angeanza kuyasema ya jikoni, wangemuuliza pia kuhusu mdomo wa wifi yake, uliokuwa umevimba na kupasuka, na jina la kaka yake lingeburutwa mavumbini kabla udongo wa kaburi haujakauka. Na tusidanganyane, siku ile alimchukia yule mwanamke kwa moyo wake wote. Kaka alikuwa mmoja tu, na alitaka mtu amlipie.

Basi jaji akasoma hukumu. Aliyarudia maneno ya mlangoni mara mbili, polepole, bila kicheko ndani yake, na mpiga pasi akashtuka, kama mtu aliyeona nguo anayoijua imevaliwa na mgeni. Zama zile mwanamke alinyongwa kama mwanamume. Mpiga pasi akamchukua binti mdogo wa marehemu na Kicheko akaenda kuishi naye, akajiambia majaji wa rufaa wataiona kweli wenyewe. Alijiambia hivyo kila alipotia makaa kwenye pasi, mpaka siku alipounguza shuka la watu kwa kuwaza.

Rufaa ilipotupwa, alikwenda ofisini kwa wakili wa Kicheko. Kiti cha wageni kilikuwa kimejaa mafaili, akabaki wima.

"Niliisikia harufu ya tangawizi," alisema.

Wakili aliiweka kalamu mezani. "Mama, si nilikuuliza?"

"Uliniuliza kama niliona."

Yule bwana hakukasirika, na hilo lilimuumiza mpiga pasi kuliko matusi. Aliandika ombi la msamaha siku hiyo hiyo, akalipeleka juu. Jibu lilirudi upesi: serikali haikuona sababu. Maji yalikuwa yameshamwagika.

Walimruhusu kumwona Kicheko mara moja. Kati yao kulikuwa na wavu wa chuma, na askari jela wa kike aliyeketi mlangoni akisugua kiatu chake. Kicheko alikuwa amekonda. Gauni la gereza lilikuwa limekunjamana shingoni, na jicho la mpiga pasi likaganda pale pale.

"Usilitazame hivyo, wifi. Huku hakuna pasi." Akacheka.

Mpiga pasi aliushika wavu. "Nilisikia harufu ya tangawizi siku ile."

"Najua. Ulipiga chafya."

Aliyasema bila kumsuta, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mpiga pasi alitaka atukanwe, atemewe mate, chochote. Alilia kwa sauti mpaka askari akainua kichwa.

"Nyamaza, wifi, watatutoa."

"Niambie kitu kimoja. Uliposema dawa yake iko jikoni, ulimaanisha ipi?"

Kicheko aliligusa kovu dogo mdomoni mwake. "Zote mbili. Mtu kanipasua mdomo, na bado nimeinama namchemshia tangawizi, namtishia mlangoni kwa dadake. Ungekuwa wewe, usingecheka?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Askari alivaa kiatu chake akasimama.

"Mwanangu bado anakohoa?" Kicheko aliuliza haraka.

"Kila siku."

"Tangawizi usizidishe, inamuwasha koo. Tia asali."

Walimnyonga asubuhi ya siku ya kazi. Mpiga pasi alisimama nje ya lango la gereza pamoja na watu wengine, wengi wao waliopita tu wakasimama kutazama. Askari alitoka akabandika karatasi, akarudi ndani. Watu wakaisoma, wakaambiana, wakatawanyika kwenda kwenye shughuli zao. Yeye hakwenda kwa dobi. Alinunua tangawizi na asali, akarudi nyumbani.

Alisaga kidogo, kama alivyoagizwa. Kutoka chumbani mtoto alikohoa, akaita.

"Shangazi! Dawa yangu iko wapi?"

Jibu lilikuwa moja tu, na hakuna nyumba isiyolisema. Mpiga pasi alifungua mdomo, akaufunga. Akaiepua sufuria, akamimina kikombeni, akaenda kupiga magoti kando ya kitanda.

Mtoto alikitazama kikombe. Alikuwa ameanza kwenda shule, na shuleni watoto wenzake walikuwa wamemweleza yote.

"Onja wewe kwanza," alisema.

Mpiga pasi akanywa. Ilikuwa ya moto, ikamuunguza ulimi, naye akameza. Kisha akamsogezea mtoto kikombe, lakini mtoto hakukipokea. Alivuta shuka mpaka kidevuni, akamkazia macho shangazi yake, akangoja.