Jani la Bibi Shingo

Kaka yangu Shigela akija kwangu leo nitampa kiti na ugali, maana tumenyonya ziwa moja. Lakini moyo wangu hatauona tena.

Kile kitabu nilikipata mnadani Bariadi, miaka ile mitumba ilipofurika na wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kutufuata mpaka mashambani. Machibya, muuza mitumba, alikikuta katikati ya makoti ya watoto, akanitupia kama nyongeza niliponunua sweta. Kimeandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza changu kiliishia darasa la saba, basi nikawa nasoma picha. Mle ndani kuna dinosaria, wanyama wakubwa wa zamani za kale ambao wamekwisha wote duniani. Binti yangu Shida, wa miaka mitano, alimpenda mmoja tu, mwenye shingo ndefu kupita mti, aliyesimama juu ya mtoto wake kumkinga na yule mwenye meno. Akampa jina Bibi Shingo. Kila jioni alimwekea jani la kunde mdomoni, ndipo naye akubali kula. Mtoto asiyeongea na wageni, ukimfungulia kitabu kile anageuka mhubiri.

Shigela alikuwa manju, kiongozi wa ngoma, wa Bagalu. Asiyejua ngoma zetu ajue hili: baada ya mavuno Bagalu na Bagika wanacheza uwanja mmoja, kila kundi upande wake, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi. Kwa hiyo kila manju anatafuta kioja. Mwaka uliotangulia Bagika walitoa chatu, sisi tukabaki tunacheza na vumbi letu. Aibu ile Shigela hakuimeza.

Siku moja akamkuta Shida na kitabu. Akakaa naye mkekani, akasoma picha, akalisha jani. Akaja kesho yake, na kesho kutwa. Mimi mjinga nikafurahi, nikasema kumbe mjomba anapenda watoto. Siku ya nne akaomba kukiazima. Shida akakikumbatia. Shigela akachuchumaa mbele yake.

"Mpwa wangu, Bibi Shingo atakuja kucheza ngoma tu. Hakuna wa kumgusa."

Mtoto akanitazama mimi. Nikamwambia mpe mjomba. Mimi ni Mgalu, bwana, na chatu yule alikuwa bado ananiuma.

Ngoma ilikuwa Lagangabilili. Bibi Shingo alitokea ameshonwa kwa magunia ya pamba, shingo ya mianzi, watu wanne ndani yake, na watu wakakimbilia kwetu. Shida alikuwa begani kwangu, jani la kunde mkononi, anamwita jina. Halafu Bagika wakatoa fisi hai aliyefungwa kamba, watu wakaanza kuhama. Shigela akanyakua mkuki, akamchoma Bibi Shingo shingoni. Damu ikaruka, damu ya ng'ombe, iliyofichwa ndani ya kibofu. Mnyama akaanguka, akatupa miguu, akatulia. Uwanja mzima ukatumiminikia. Tukashinda.

Damu haijifungi yenyewe kwenye kibofu. Mchezaji wake mmoja aliniambia baadaye kwamba mkuki ulipangwa tangu siku ya kwanza Shigela alipokaa mkekani kwangu. Yaani anamlisha mnyama jani, na kichwani ameshamchinja!

Jioni alileta kitabu, hakina hata kunjo, pamoja na paja la ng'ombe. Nilimwambia yote. Nilimwita mwongo, nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako, nikamrudishia nyama yake. Akacheka, akasema yale ni magunia tu, dada, mtoto atasahau.

Shida alichukua kitabu, akakifuta kwa gauni lake, akakisukuma chini ya kitanda. Nikatandika mkeka, nikamwita tusome. Hakuja. Nikamfuata, nikamwambia mjomba ni mtu mbaya, ametudanganya sisi sote wawili, mimi na yeye.

Akanitazama kama alivyonitazama siku ile ya kuazimwa kitabu. Jani lilikuwa bado mkononi mwake, limenyauka.

"Mayu," akasema, "na wewe ulipiga kigelegele."

Nilipiga. Tena vitatu.