Tatu Toa Tano

Ofisini walimwita Bi Usafi, na jina hilo hakulipata kwa kufagia. Meza yake ilikuwa na makombo ya biskuti kuanzia kwenye kibodi hadi ukutani. Alilipata kwa sababu ya lugha aliyoandikia programu zake, lugha ya fanksheni, ambayo aliisifia kama watu wanavyosifia wachumba wapya.

"Fanksheni safi," alipenda kusema, "ukiipa kitu kilekile, inakurudishia jibu lilelile. Leo, kesho, mtondogoo. Haigusi kisichoihusu. Haikuzunguki."

Kompaila, ile programu inayokagua msimbo kabla haujaanza kufanya kazi, aliiheshimu kuliko mtu anavyomheshimu mkwe. Ikikubali, imekubali. Hakuwa na haja ya kuuliza mara mbili.

Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia katika hospitali. Kule kila mtu alimwita Mama Dobi. Mawifi hawa walikuwa wametaniana tangu siku ya harusi na hakuna aliyeonyesha dalili ya kuchoka.

"Usafi wako ni wa mdomoni," Mama Dobi alimwambia kila alipoiona ile meza. "Wangu mimi una sabuni."

Lakini hospitali ilipotafuta mtu wa kuandika programu ya kuendesha pampu ya maji, Mama Dobi ndiye aliyelitaja jina la wifi yake mbele ya wakubwa, akaapa kwamba hawatajuta.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Juu ya paa kulikuwa na tangi. Bomba la chumba cha kufulia lilitoka kwenye tangi upande wa juu. Bomba la chumba cha upasuaji lilitoka chini kabisa. Maji yaliyokuwa kati ya mabomba hayo mawili yaliitwa akiba, na yalikuwa ya upasuaji peke yake. Programu ilichukua maji yaliyomo kwenye tangi, ikatoa akiba, na kilichobaki ikakionyesha kwenye skrini iliyotundikwa chumba cha kufulia. Kilichobaki kikiwa kidogo, pampu iwake. Basi.

Mwanzoni Bi Usafi alipiga hesabu hizo kwa namba zisizo na kikomo, zile zinazojiongezea nafasi ndani ya kompyuta kadiri zinavyokua. Kisha mwenzake wa meza ya pili, mtu mwenye ulimi, akapita na kikombe chake, akachungulia.

"Namba zisizo na kikomo kwa tangi la hospitali?" akasema. "Unangoja gharika?"

Neno lile likamwingia. Kabla kikombe cha yule bwana hakijaisha, alikuwa ameshabadilisha. Akachukua namba za ukubwa wa neno la mashine, yaani biti sitini na nne, kiasi ambacho prosesa, ubongo wa kompyuta, hukibeba kwa mkupuo mmoja bila hata kutoa jasho. Na namba hizo zina aina mbili: aina inayokubali hasi na aina isiyoijua hasi kabisa. Akachagua ya pili. Maji hayawezi kuwa chini ya sifuri, alijiambia, na akajiona mjanja. Kompaila ikakubali. Majaribio yakapita. Akajizawadia biskuti.

Miezi ikapita bila neno. Halafu asubuhi moja simu ikaita.

"Wifi, hongera," alisema Mama Dobi.

"Ya nini tena?"

"Nimekuwa tajiri wa maji. Ngoja nikusomee skrini yako. Moja, nane, nne, nne, sita, saba, nne, nne, sifuri, saba... Wifi, namba hii ni ndefu mpaka imefunika saa. Sijui hata ni saa ngapi."

"Hizo ni lita?"

"Imeandikwa lita. Na bomba langu halitoi hata tone. Mashine zote zimejaa povu na mashuka yamo ndani."

"Basi kipimo kimeharibika," alijibu Bi Usafi bila kufikiri. "Haiwezi kuwa programu."

"Programu nani ameitaja? Mimi naongea mashuka. Njoo."

Akaenda. Alikuta chumba cha kufulia kimenyamaza, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Nyuma ya vioo vya mashine povu lilikuwa linateremka taratibu, na wafuaji walikuwa wameegemea vikapu wakingoja. Ukutani ile namba ilikuwa imejipanga kutoka ukingo hadi ukingo.

Fundi bomba alikuwa ameshafika, amelowa mpaka magotini. Alieleza kwamba alfajiri alizima pampu ili abadilishe vali, na wakati huo maji yalitumika hadi yakashuka chini ya bomba la dobi. Upasuaji nao wakaendelea kuchota kutoka chini. Alipomaliza akairudisha swichi kwenye otomatiki, akaenda zake kutazama sinki lililokuwa linavuja wodini. Pampu haikuwaka.

"Nimepanda juu nikapima kwa fimbo," alisema. "Fimbo na kipimo vinasema kitu kimoja. Kipimo ni kizima."

Mama Dobi akamgeukia wifi yake na kufuta mikono kwenye aproni.

"Basi kipimo kimesamehewa. Anayefuata ni nani?"

Fundi bomba akaenda kuwasha pampu kwa mkono. Bi Usafi akafungua kompyuta yake juu ya meza ya kupigia pasi, katikati ya marundo ya foronya.

"Sikiliza, wifi, nikuonyeshe. Lugha hii haikosei hesabu. Hapa naweza kuiuliza swali nikajibiwa papo hapo, kwa namba zilezile zinazotumika kwenye tangi." Akaandika tano toa tatu. Skrini ikajibu mbili. "Umeona?"

"Nimeona. Hata mwanangu wa chekechea anaijua hiyo," alisema Mama Dobi. "Lakini leo kwenye tangi maji ndiyo machache, akiba ndiyo kubwa. Hebu geuza."

"Nikigeuza itakuwa tatu toa tano, na hiyo..."

Hakumaliza. Akaandika tatu toa tano. Alibonyeza kitufe kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayegusa pasi kuona kama ina moto. Jibu likaja: moja, nane, nne, nne, sita, saba, na msururu wake wote.

Mama Dobi alicheka hadi akashika ukingo wa meza. Wafuaji walicheka pia, ingawa hawakujua wanachekea nini.

"Hii ndiyo safi?"

"Ni safi," alisema Bi Usafi kwa sauti ndogo. "Ukiiuliza tena, itakupa jibu hilohilo."

"Kosa hilohilo kila siku! Kweli, si kigeugeu."

Bi Usafi akajaribu kueleza. Alimwambia afikirie kile kidirisha cha kwenye gari kinachohesabu kilomita, chenye nafasi chache za tarakimu. Kikifika tisa tupu, kinarudi sifuri. Sasa kirudishe nyuma kutoka sifuri: hakina alama ya hasi, kitafanya nini? Kitakwenda kwenye tisa tupu. Namba yake ilikuwa hivyohivyo. Maji yalipozidiwa na akiba, hesabu ilipita chini ya sifuri ikaibukia juu kabisa, na programu ikaona tangi limejaa kupita bahari. Iwashe pampu ya nini?

"Na hukulijaribu hili?"

"Nilijaribu. Programu ya majaribio inajitungia viwango vya maji ovyo ovyo, mamia kwa mamia, inavipitisha." Akashusha macho kwenye kibodi. "Ila niliiambia isitunge chini ya akiba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu haiwezi kutokea."

Mama Dobi alifungua mdomo kujibu, na hapo mlango ukafunguliwa. Muuguzi wa chumba cha upasuaji akaingia kwa haraka.

"Mama Dobi, magauni ya upasuaji wa mchana yako wapi? Daktari anauliza. Na hii namba ukutani ni nini? Yule aliyeandika programu yenu amelala?"

Bi Usafi aliinamia kompyuta. Masikio yake yalikuwa ya moto. Alingoja kutajwa.

"Pampu ilizimwa kubadilishwa vali," alisema Mama Dobi bila kupepesa macho. "Maji yanapanda sasa hivi. Magauni mtayapata kabla ya mchana. Mwambie daktari asinipandishie presha."

Muuguzi akaondoka. Bi Usafi akamtazama wifi yake.

"Usinitazame hivyo," alisema Mama Dobi. "Kukucheka ni haki yangu mimi, si ya yule. Tengeneza."

Akatengeneza. Alirudisha hesabu zote kwenye namba zisizo na kikomo. Za neno la mashine akaziacha pale tu maji yanaposomwa kutoka kwenye kipimo. Kwanza, hata hivyo, aliruhusu majaribio yatunge maji machache, na akaiachia programu ya zamani ivipitie viwango hivyo. Ilianguka papo hapo. Akahisi aibu na raha kwa pamoja, kama mtu aliyeng'olewa jino. Kisha akaijaribu mpya, ikapita. Wakati huo maji yalikuwa yamerudi, na mashine zilianza kunguruma moja baada ya nyingine.

"Tayari," akasema. "Kompaila imekubali."

"Mimi sijakubali," alisema Mama Dobi. "Nataka nione tangini."

Ikabidi wangoje siku ambayo chumba cha upasuaji hakikuwa na mgonjwa. Fundi bomba akazima pampu, akaacha maji yamwagike. Wote watatu wakasimama mbele ya skrini. Namba ikashuka, ikafika sifuri, ikaendelea. Fundi bomba akairudisha swichi kwenye otomatiki, na huko juu pampu ikakoroma, ikawaka.

Mama Dobi akachukua kitambaa, akakaribia skrini na kusugua kando ya namba.

"Uchafu huu hautoki."

"Si uchafu, wifi. Ni alama ya hasi. Maana yake tumeingia kwenye akiba."

"Kumbe inaweza kusema." Akaitazama tena. "Sasa hii ni lugha ya watu."

Halafu akatoa simu, akampigia mumewe, akaweka sauti ya wazi ili wote wasikie. Akamsimulia kisa kizima kuanzia mwanzo, na kila aliposimulia namba ilirefuka. Bi Usafi alimwacha. Kaka yake alicheka huko aliko mpaka akakohoa, akauliza kama dada yake yupo hapo.

"Yupo," alisema Mama Dobi. "Lakini hawezi kuongea, ana kazi."

Akamtupia ncha mbili za shuka lenye joto. Bi Usafi akazidaka, wakalivuta, wakasogeleana kulikunja. Zilipokutana, ncha zake zilikuwa zimepishana vibaya. Mama Dobi akalikung'uta shuka lote likafunguka.

"Tena," akasema.