Fundi wa Makochi na Habari za Uchina

Tangu ujumbe wa mdogo wake uingie kwenye simu, Fundi hakukalika. Alianza kulivua kochi moja kitambaa chake cha zamani, akaliacha uchi, akarukia jingine. Alipima, akapima tena, na bado akakata kifupi, kosa ambalo wateja wake wangeapa hawezi kulifanya hata usingizini. Ujumbe wenyewe haukuwa mrefu: "Dada, tunakuja mwezi ujao mimi na wifi yako. Tukiondoka, tutaondoka na mtoto."

Mtoto alikuwa chini ya meza ya kukatia, anazungumza na mabaki ya sponji. Walimwita Kimya. Alipoletwa hapo ana miaka mitatu hakujua neno la Kiswahili. Alijua Kichina cha kitoto tu, na alipoona hakuna anayemwelewa akafunga mdomo wiki nzima. Jina likamkaa. Ukimya ulishaondoka zamani, na sasa, miaka saba, alikuwa na maneno kuliko redio, lakini jina lilikataa kutoka.

Baba yake, mdogo wake Fundi, alikwenda Uchina kusomea uhandisi, akapata kazi, akapata mke, akabaki. Kule mtoto alilelewa na bibi mzaa mama, mpaka bibi akaanguka na kuvunjika nyonga. Wazazi walikuwa kazini kutwa. "Dada, tushikie mwaka mmoja tu," mdogo wake aliomba. Mwaka ukazaa mwaka. Fundi, aliyekwisha kuachana na mume na asiyejaliwa mtoto, hakuwahi kukumbusha.

Sasa akaanza kuokota mabaya ya Uchina kama mtu anayeokota mawe akijua mbele kuna ugomvi. Hakwenda mbali kuyatafuta. Mlango wa pili alikuwapo muuza vitambaa na sponji, waliyemwita Kontena kwa sababu kila kitu alikipima kwa kontena, hata mvua. Huyo alikuwa akienda Uchina mara kwa mara kufuata bidhaa.

"Kontena, hivi kule watoto wanaishije?"

"Wanasoma, dada. Wanasoma mpaka unawahurumia. Mtoto anatoka shule anaingia shule nyingine."

"Na hizo kamera zao?"

"Kila kona. Ukijikuna, imeandikwa."

"Watu wenyewe je?"

Kontena akacheka. "Mmoja atakushika nywele bila kukuomba, kama vile unauzwa. Mwingine atakukuta umepotea, ataacha shughuli zake akusindikize mpaka mlangoni. Mimi siwaelewi, na nimekula nao sahani moja."

La nywele Fundi akaliweka. La kusindikizwa akaliacha lipite.

Walifika Jumamosi. Mdogo mtu, ambaye mtaa mzima ulimwita Injinia tangu hajawa injinia, aliingia na masanduku mawili na sifa zisizobebeka. Nyuma yake akaingia wifi, mwanamke mwembamba mwenye miwani, akasimama mlangoni amekumbatia mkoba, akimtazama Kimya bila kumsogelea. Kimya alimtambua, si walikuwa wakionana kwenye simu kila wiki? Akaamkia vizuri, "Shikamoo, mama," kisha akakimbilia nyuma ya gauni la shangazi yake. Fundi aliuona uso wa wifi ukibadilika na, Mungu amsamehe, akafurahi.

Mezani Injinia hakumeza tonge bila kusifu. Kontena alikuwa amealikwa, na kuwa na mtu aliyefika kule kulimpa Injinia moto zaidi.

"Treni zile, jamani! Unaweka kikombe cha chai juu ya meza, mnakimbia kuliko upepo, chai haitikisiki."

"Na huyo mwenye chai," Fundi akauliza, "anaruhusiwa kuisema serikali akiwa humo ndani?"

"Wewe unaisema kila siku hapa. Imekujengea nini?"

"Imenijengea usingizi. Nikishasema, nalala."

Kontena alikohoa kwa kicheko. Injinia hakucheka.

"Mtaa ninaokaa, dada, binti anatoka kazini saa sita za usiku, anatembea peke yake, simu mkononi, hana wasiwasi. Hapa unaweza?"

Fundi akachukua jiwe jingine. "Na mwanao je? Atatembea? Au watakuwa wanamshika nywele kama mwanasesere?"

Kijiko cha Injinia kikabaki hewani. "Nani kakwambia?"

Kontena akawa ghafla ana kazi kubwa na mfupa.

"Hujafika kule," Injinia akasema, sauti imepanda. "Usiiseme nchi ya watu kwa kusikia."

"Wewe umefika mpaka ukasahau kurudi."

Fundi akamgeukia wifi, aliyekuwa akichambua chakula chake taratibu kana kwamba ugomvi ule ulikuwa wa redio. "Wifi, wewe ndiwe mwenye nchi. Tuamulie. Nani mkweli?"

Wifi aliweka kijiko chini. Kiswahili chake kilikuwa cha kukokota, lakini kilifika. "Nchi kubwa," alisema. "Yote mnayosema, yapo." Akasimama, akakusanya sahani, akaenda kuziosha. Kila mmoja mezani alibaki anahisi ameibiwa ushahidi.

Siku zilizofuata nyumba ile haikutulia. Injinia alizunguka na simu akionyesha majirani picha za madaraja. Fundi alipita nyuma yake akirekebisha mito ambayo haikuwa imepinda. Wifi alijaribu kumfundisha mtoto maneno. Kimya aliyarudia kwa adabu na kuyasahau kabla ya kufika mlangoni. Usiku Fundi alisikiliza pumzi za mtoto, asubuhi akaamka amechoka kuliko alivyolala.

Jumanne jioni wifi alimjaribisha Kimya koti la baridi alilomletea. Mtoto alikubali mkono mmoja. Wa pili akaukunja.

"Siendi," akasema. "Kule kamera zinaona mpaka unachowaza. Na watoto hawalali, wanasoma tu. Na watanikata nywele waziuze."

Injinia akageuka polepole. "Nani alikwambia hayo?"

Kimya alimtazama shangazi yake, macho yamejaa maji, kama mtu anayeomba msaada kwa mwenye habari hizo.

Fundi aliapa moyoni kwamba hakuwahi kumwambia mtoto neno. Lakini wiki zote zile, yeye na Kontena wakipokezana hadithi, mtoto alikuwa wapi kama si chini ya meza? Alisikia yote, akayaongezea chumvi yake ya kitoto, akawa analala nayo.

Injinia alifungua mdomo alipuke. Wifi akamgusa bega, akasema maneno machache ya Kichina. Alimvua mtoto lile koti, akalikunja vizuri, akatoka nje akasimama uani peke yake.

Asubuhi Fundi alikuwa karakanani anang'oa pini kwenye fremu ya kochi wifi alipoingia. Fundi alijiandaa kwa matusi. Wifi akavuta stuli, akanyoosha mkono kwenye koleo.

"Nifundishe," alisema.

Wakang'oa pini pamoja kwa muda, kila mmoja upande wake.

"Uliyosema, mengi kweli," wifi akaanza bila kuinua uso. "Kamera zipo. Watoto wanachoka, kweli. Mimi nilichoka hivyo hivyo. Na watu kutazama, kweli. Tukiingia lifti mimi na mume wangu, wazee wananitazama mimi. Si yeye. Kama mimi nimeiba kitu."

"Sasa mbona mumeo anaisifu hivyo?"

"Yeye alichagua. Mtu akichagua nyumba mwenyewe, ataisifu hata paa likivuja. Mimi nilizaliwa ndani." Akang'oa pini, akaitupa koponi. "Lakini bibi yangu alikula magome ya mti, wakati wa njaa. Mama yangu ni wa kwanza kwao kuvaa viatu vya dukani. Mimi nimesoma chuo kikuu. Mtu akiniambia kwetu pabaya, namkumbuka bibi, nakasirika. Akiniambia pazuri sana, namkumbuka rafiki yangu mmoja aliyesema sana, siku hizi hasemi, nakasirika tena."

Fundi alikuwa amepewa mawe yake yote mkononi na mwenye nchi mwenyewe, na ghafla yalikuwa mazito.

"Wifi," mwanamke yule akaendelea, "mimi sikuja kwa sababu ya nchi. Mama yangu alimlea mtoto huyu miaka mitatu. Yeye ndiye alimfundisha kutembea. Siku tunamleta kwako, mama yuko hospitali. Hakumuaga. Miaka minne anamwona kwenye simu, na sasa hawaelewani hata salamu. Wanapungiana mikono. Kila mara mama ananiuliza: huyo dada wa mume wako ni mtu wa namna gani? Maana ana mtoto wangu."

"Mtoto wangu. Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

Fundi aliliweka koleo chini. Wiki zote hizi alikuwa akitembea na hofu kama mwiba kwenye unyayo, akidhani ni yake peke yake duniani. Kumbe kulikuwa na mwanamke mwingine anayechechemea nayo mwaka wa nne, na aliyemchoma ni nani?

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia sijui. Nitamjua nikifika."

"Na sasa umenijua?"

Wifi alifikiri kwanza. "Nitamwambia ana mikono migumu. Na mtoto hataki kumwacha."

Fundi akacheka, na machozi yakamtoka papo hapo, hakujua kipi kilitangulia. Akajifuta kwa kipande cha kitambaa cha mteja. "Nipigie," alisema. "Nataka nimwone."

Simu iliita sana. Mwishowe ukatokea uso wa bibi mwenye nywele fupi nyeupe, karibu mno na kioo, kisha mbali mno. Alimtazama Fundi bila kutabasamu, kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua kochi lililotoka kwa fundi. Kisha akasema jambo.

"Anauliza," wifi akatafsiri, "mtoto analala upande gani."

"Wa ukutani," Fundi akajibu. "Na mguu mmoja nje ya shuka. Ukiurudisha ndani, anautoa."

Wifi alitafsiri. Bibi akaweka kiganja mdomoni. Mabega yakaanza kumtikisika, na mpaka leo Fundi hajui kama ilikuwa kicheko au kilio. Neno moja tu ndilo lililosikika.

"Anasema nini?"

"Anasema: bado?"

Siku ile ile Fundi alimwita Kimya atoke chini ya meza. Akamkalisha juu ya kochi lisilo na kitambaa, springi zikalia.

"Yale niliyokuwa nasema na Kontena," alianza, "nilisema nisiyoyajua."

"Kwa hiyo kamera hakuna?"

"Zipo."

"Zinaona ninachowaza?"

"Hapana. Hata mimi sioni unachowaza, na ninakaa nawe."

"Na nywele?"

"Mtu akikushika, mwambie aache. Mama yako atakufundisha kusema hivyo kwa Kichina. Anza na hilo."

Kimya alilipima jambo hilo. "Na wewe unakuja?"

Hapo Fundi alitazama pembeni. "Kuna bibi anakusubiri," alisema. "Alikusubiri kabla yangu."

Mtoto hakuridhika. Alilia siku hiyo, akalia kesho yake, na siku ya safari akakataa kumbusu mtu yeyote. Koti alilibeba mkononi. Hakulivaa. Injinia, aliyekuwa ameishiwa sifa tangu ile jioni ya Jumanne, alimvuta dada yake kando wakati masanduku yanapakiwa.

"Dada, kule mimi naitwa mgeni miaka yote hii. Nalijua hilo. Lakini nikianza kulisema, nitajiuliza niliacha kwetu kwa ajili ya nini."

"Basi sifu tu, mdogo wangu," Fundi akamwambia, akamweka sawa ukosi wa shati. "Ila mtoto akikwambia kuna kinachomuuma, usimpe habari za treni."

Wakaondoka. Karakana ikawa kubwa. Fundi alikuwa akianza sentensi na kukuta hakuna wa kuimalizia. Kontena alikuja na hadithi mpya ya mfanyabiashara aliyetapeliwa huko. Fundi akamkatiza, akamuuliza kama huku matapeli wamekwisha. Mteja mmoja, mwalimu, alisema Wachina ndio watu wa kuigwa, nidhamu kwanza. Fundi akamwambia kwamba Kimya, mtoto wa miaka saba, kule anarudi nyumbani na mkoba mzito kuliko yeye, kama anautaka auige huo. Wote wawili walimwona amekuwa mkali bila sababu.

Kwenye simu habari zilikuja kwa vipande. Kimya amepigana shuleni. Kimya ana rafiki, jina halitamkiki. Bibi amemshonea mto. Kimya anaumwa tumbo. Kimya hataki kuongea leo. Siku aliyokataa kuongea, Fundi alishindwa kushika mkasi.

Kesho yake alifunga karakana mchana, akaenda kwa mpiga picha, akakaa kwenye kiti mbele ya shuka jeupe. Alivaa blauzi ya kutokea.

"Ya pasi ya kusafiria?" mpiga picha akauliza. "Unakwenda wapi, mama?"

"Uchina."

"Aa! Biashara."

"Kuna mtu wangu."

"Ujihadhari nao wale," mpiga picha akasema akirekebisha taa. "Lakini wameendelea bwana, usiombe. Mimi nasikia kule..."

"Baba," Fundi akasema, akinyoosha mgongo, "piga picha."