Kitenzi cha Karani

Saa tano na robo, mhariri wa herufi V alikuwa hashikiki. Neno lake vouchsafe, kitenzi cha Kiingereza cha enzi za makoti marefu, lilikuwa limebakiza dakika arobaini na tano za kuishi. Katika ofisi ile ya kamusi ya Kiingereza kinachotumika hapa nchini, sheria ni moja: neno haliingii bila sentensi iliyoandikwa na mtu wa hapa hapa, kwa mkono au kwa taipu, na tarehe yake. Sentensi ya kubuni ni haramu. Na kurasa zilikuwa zinakwenda kwa mpiga chapa saa sita.

"Dada, achana nalo," alisema mhariri mkuu, ambaye wafanyakazi walimwita Mkasi, na jina likamkaa. "Waingereza wenyewe wamelizika. Sisi tunalifukua la nini?"

"Bado dakika ninazo, mzee wangu."

Miaka mitano alikuwa ameilea herufi ile nyembamba, ambayo wenzake wa M na K waliicheka kuwa ni uchochoro. Uchochoroni nyumba moja ikivunjwa, pengo linaonekana! Alipekua majalada ya barua za zamani mpaka vumbi likamtoa machozi. Patupu. Ndipo alipomkumbuka baba yake, karani mstaafu, mtu ambaye hata likizo hakuiomba ila kwa Kiingereza cha kuvaa tai. Akampigia mama yake.

"Mama, zile barua za uchumba bado unazo?"

"Zinakuhusu nini?"

"Nipigie picha zote, mama. Mbio!"

Picha zikaanza kuingia kwenye simu, moja, mbili, tatu. Kwenye ya nne alipiga yowe lililomfanya Mkasi amwage chai. Neno hilo hapo, kwa wino wa bluu, tarehe juu yake: Kindly vouchsafe me an answer, baba akiomba jibu la uchumba wake. Furaha ilimpanda hadi kichwani, akasahau kuketi.

Mkasi alivaa miwani, akasoma, akaguna, akatia saini. Zilibaki dakika sita.

Mama bado alikuwa kwenye simu. "Hivi lina maana gani? Mwenzio nilijibu tu, sikulielewa."

"Kumpa mtu kitu kwa hisani, mama. Hana haki nacho, anaomba tu. Mtoaji yuko juu, mwombaji yuko chini."

"Juu alikuwa nani?"

"Wewe."

Mama akamgeukia baba. Kisha nyumba nzima ikasikia. "Wewe mzee! Miaka arobaini na mbili unanitambia kwamba wasichana walikupangia foleni, kumbe ulipiga magoti!"

Simu ikabadilisha mkono. "Mwanangu," baba alinong'ona, "neno lenyewe la kizamani mno. Likate."

"Limeshaingia, baba. Limetiwa saini."

Alimsikia akishusha pumzi, na nyuma yake mama akicheka hadi kukohoa.

"Basi usiishie kwenye kuomba," baba akasema. "Andika na kwamba nilipewa."