Kichwa cha Wino wa Bluu

Speciosa, karani wa parokia, alishuku hata mambo yaliyokuwa wazi. Aliwahi kumrudisha nyumbani baba wa mapacha akalete maelezo kwa nini watoto wake wawili wana tarehe moja ya kuzaliwa. Watu walimcheka, lakini walimchekea mbali, maana cheti cha ubatizo hakikutoka bila mkono wake.

Desemba ile ya mwaka tisini na sita cheti kilipata uzito mpya. Tangazo lilikuwa limetoka: wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla mwaka haujaisha. Malori yalipita barabarani tangu asubuhi, na Ngara nzima ikaanza kuangaliana kwa pembe ya jicho. Nani wa hapa, nani wa ng'ambo? Lugha zinakaribiana, na majina mengi ni yale yale.

Mwanamke aliyekaa mbele ya meza ya Speciosa siku hiyo aliitwa Uwimana. Alisema alibatizwa hapo hapo, kigango cha Mtakatifu Ana, mwaka sitini na moja. Akaolewa Nyakahura angali binti mdogo, na mumewe alipofariki akarudi na watoto wawili. Shida ni kwamba alirudi mwaka tisini na nne, wiki zile zile watu walipokuwa wakivuka mto kwa maelfu. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Thobias, hakumwamini wala hakumkataa. Alimtuma kwa karani. Karani akithibitisha, abaki. Asipothibitisha, kesho asubuhi Uwimana na wanawe wamo kwenye lori.

Speciosa alimtazama kuanzia kitenge hadi kandambili. Mama huyo alijieleza vizuri mno, na hilo nalo likamtia karani shaka.

"Kaa nje kwanza, mama," alimwambia. "Nitakuita."

Kitabu cha mwaka sitini na moja kilikuwa kazi ya marehemu Telesfori, katekista. Hakikuwa na namba za kurasa. Badala yake, kila kitabu kipya kilipofika, Telesfori alichukua rula na chupa ya wino mwekundu akaandika kichwa kimoja juu ya kila ukurasa, mwanzo hadi mwisho, kabla hajaandika jina hata moja: *Kigango cha Mt. Ana. Waliobatizwa 1961.* Alitaka mtu akifungua popote ajue yuko wapi, na ukurasa ukichomoka ujulikane kwao. Majina yalikuja baadaye, moja moja, kwa wino wa bluu.

Jina la Uwimana lilikuwepo, na la baba yake, na la mama yake. Karani mwingine angeishia hapo akachukua mhuri. Speciosa akapandisha macho juu. Kichwa cha ukurasa ule kilikuwa cha bluu.

Akafungua ukurasa wa nyuma yake: mwekundu. Wa mbele yake: mwekundu. Akarudi kwenye ule wa bluu. Maneno yalikuwa yale yale, ila mstari wa rula haukuwepo, na wino ulikuwa mmoja na wa majina, kana kwamba vyote viliandikwa kwa mkao mmoja. Akapitisha ukucha penye mshono. Kikabanduka kitu kigumu, cheupe: uji wa muhogo uliokauka. Ukurasa ulikuwa umebandikwa.

Tusimfiche, alifurahi. Kwa mtu wa kushuku hakuna utamu kama kuona alishuku sawasawa. Alitoka barazani, akamwita Thobias aliyekuwa akikatiza uwanja wa kanisa na daftari lake la majina ya watu wa lori kwapani.

"Ukurasa wa huyu mama una walakini, mwenyekiti. Njoo saa tisa nikuonyeshe."

Uwimana alikuwa kwenye benchi, hatua tatu tu kutoka pale. Alisikia yote. Aliinamisha kichwa akaendelea kumsuka binti yake.

Speciosa akarudi mezani. Alitaka kumpa paroko taarifa kamili: karatasi ngapi zimepenyezwa, na wapi. Akaanza mwanzo wa kitabu, akisoma vichwa peke yake, majina akiyapita. Mwekundu, mwekundu, mwekundu, bluu. Akatia alama kwenye karatasi yake. Mbele kidogo ukaja ule wa Uwimana. Kisha ukaja wa tatu, na huo ulikuwa na kona iliyokunjwa.

Kona ile aliikunja mwenyewe akiwa darasa la nne, siku Telesfori alipomwonyesha jina lake. Tangu apate kazi hii alikuwa ameufungua ukurasa huo labda mara ishirini, kwa kujifurahisha tu: Speciosa, mtoto wa Ndayisaba na Priscila. Kila mara macho yalikwenda moja kwa moja kwenye jina. Nani husoma kichwa cha ukurasa? Kipo kila mahali, basi jicho linakizoea na kukiruka.

Kilikuwa cha bluu.

Akajiambia wino mwekundu ulimwishia Telesfori. Akafunua ukurasa uliofuata, ukawa mwekundu. Akakwaruza mshono, na uji wa muhogo ukamwingia ukuchani. Akamkumbuka baba yake, ambaye kila alipoulizwa kaburi la babu liko wapi alijibu "mbali" na kubadilisha mazungumzo. Aliogopa lori, aliogopa daftari la Thobias, aliogopa mdomo wake mwenyewe uliokwisha kusema. Wazo baya likamjia: auchane wa kwake, wa Uwimana auache. Akaushika kabisa ule ukurasa kwa vidole viwili. Lakini akiuchana, yeye atabaki ameandikwa wapi?

Saa tisa Thobias aliingia.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Huo walakini uko wapi?"

Speciosa alimfungulia ukurasa wa Uwimana na kuficha mikono chini ya meza. Kidole cha mzee kikashuka kwenye majina, taratibu, kikasimama.

"Si huyu hapa?"

"Ndiye. Nilisoma vibaya, mwenyekiti."

Thobias akainua macho kutoka kitabuni.

"Wewe, Speciosa? Usome vibaya?"

"Macho yanaanza kunisumbua."

Mzee akaguna. Akafungua daftari, akakata jina moja, akatoka bila kuaga.

Uwimana alipoitwa, cheti kilikuwa tayari na mhuri haujakauka. Speciosa alimpa bila kumtazama. Uwimana alikisoma, akakikunja, akakitia kwenye pindo la kitenge.

"Na wa kwako umeuona?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Speciosa akainua uso. "Ulikuwa unajua?"

"Mama yangu na mama yako walivuka siku moja, mwaka sitini na mbili, sisi tukiwa migongoni. Kitabu cha mwaka uliotangulia kilikuwa kimeshafungwa. Katekista akatutafutia nafasi ndani yake, ili tuonekane wa zamani."

"Ulinisikia nikimwita mwenyekiti. Kwa nini hukunitaja?"

Uwimana akakaza pindo la kitenge.

"Ningekutaja, lori lingeongeza watu. Mimi lisingenishusha."

Kisha akamshukuru karani kwa cheti, akatoka kwenda kuchukua watoto wake.